Jiwe la Kurusha

Umewahi kumwona mtoto anayeogopa kurusha jiwe? Mjukuu wangu Rahel alilifumbata mpaka kiganja kikatoa jasho, na ile ilikuwa Julai, baridi ya hapa Izia inapasua midomo.

Walikuwa wamechimba kishimo cha mdako kando ya ulezi niliouanika. Sayi, binti wa majirani zetu Wasukuma wenye ng'ombe, akamjia juu: "We Rahel, rusha! Unarusha, unazoa kokoto, unadaka. Sasa ukilishika tu, tutacheza saa ngapi?"

"Halitarudi."

"Litaenda wapi? Mbinguni?"

Rahel hakucheka. Mama yake, binti yangu Hellena, alikuwa ameteremka Wampembe, ziwani, kununua samaki, migebuka, za kuuza, akasema atarudi Jumapili. Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Mtoto akaacha kabisa kumtaja. Ila alichokishika hakukiachia: kijiko, ncha ya kanga yangu, hata mkia wa paka.

Nikaketi chini, magoti yakilalamika. Sikumfundisha. Nilirusha tu, nikadaka, nikarusha. Sayi akawa anahesabu kokoto kwa sauti, akikosea makusudi ili mwenzake amsahihishe. Tuliendelea hivyo mpaka ulezi ukakauka. Asubuhi moja jiwe likaruka, halikufika hata kidevuni, likatua kiganjani mwake. Akalitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akalirusha tena, juu zaidi.

"Bibi," akasema, macho yakiwa angani, "Wampembe ni mbali?"

Hellena alikuja kumchukua baadaye sana, alipokwisha kupata huko Wampembe kibanda chake cha kuuzia samaki na chumba cha kulala. Rahel alipanda gari bila kulia. Alinitia lile jiwe mkononi. "Ucheze na Sayi," akaniagiza.

Sayi naye amekua, mchana kutwa yuko na ng'ombe. Kishimo kipo. Nikifagia uwanja nakizunguka. Mvua ikikijaza matope, nakichokoa kwa kijiti.

Hellena hupiga simu. "Mama, nikutumie nini? Migebuka? Sweta?"

"Sihitaji kitu, mwanangu. Tupo." Huwa nasema hivyo, na jiwe limo kiganjani, limelowa jasho.

Jumapili iliyopita akauliza tena. Nikalirusha jiwe, nikalidaka, upepo ukivuma, akadhani simu imekatika.

"Mama? Upo? Nikutumie nini?"

"Rahel," nikasema. "Shule zikifungwa, nitumie Rahel."