Kibuyu cha Kezia

Winifrida alikuwa akipeta maharage uani kwake kijijini Makere, asubuhi ya Jumanne, mgeni alipoingia bila hodi. Mabegani alikuwa na theluji isiyoyeyuka. Winifrida alimwambia aikung'utie huko nje, maharage yasilowe.

Mgeni alieleza, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba ametoka kwenye jumba la makumbusho la jiji moja kubwa Ulaya. Wana kibuyu cha ukoo wake. Wanamwomba aje akitazame kwa siku moja, nauli juu yao. Akamkabidhi biskuti. Winifrida hakuzigusa mpaka mgeni alipokula ya kwanza, maana kwa Waha anayekaribisha ndiye anayeonja, mwenzake ajue hakuna sumu. Mgeni alitafuna huku akitabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililomtia Winifrida shaka.

Walifika kwenye jumba hilo mwezi uliofuata, baridi ikikata masikio. Ndani ya kabati la kioo kilisimama kibuyu cha pombe ya ndizi, na mrija wake. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa Kezia, bibi aliyemlea Winifrida hadi miaka sita, kisha akafariki na kuzikwa nyuma ya migomba. Watoto wa shule walimchungulia, wakaendelea kwenye mifupa ya nyangumi. Mgeni alimsomea kibandiko: "Kibuyu. Zawadi. Mwenyewe hajulikani."

Bibi na mjukuu walisalimiana kwa makofi, kila mtu upande wake wa kioo, salamu ndefu ya Kiha isiyoruka mtu wala ng'ombe.

"Umekonda, bibi."

"Humu hawapiki."

Kezia alisimulia kwamba zamani mzungu mmoja alimjia na kiu. Alionja yeye kwanza, akampa. Yule akanywa, akaondoka na kibuyu. Kezia alipokufa, alikifuata, kwa sababu mwenyeji haondoki mgeni akiwa bado ameshika chombo chake.

"Pombe nilimpa. Kibuyu sikumpa. Usiwaandikie vingine."

"Sitaandika, bibi."

Saa tisa mgeni alileta karatasi. Ilisema ukoo unakubali kwamba kibuyu kilitolewa kwa hiari. Akitia sahihi, ataletwa kila mwaka akae na bibi yake. Asipotia, hii ndiyo mara ya mwisho. Bibi mwenyewe, akaongeza kwa upole, hayumo kwenye orodha ya vitu vyao, kwa hiyo hawana la kumsaidia.

"Onja wewe kwanza," Winifrida alisema. "Andika kwamba vyombo vya bibi yako ni vyangu, kwa hiari."

Mgeni alicheka, lakini kalamu hakuishika.

Mlinzi alianza kuzima taa, chumba baada ya chumba. Winifrida aliweka kiganja juu ya kioo, na Kezia akaweka chake. Walikaa hivyo mpaka mlinzi alipowafikia. Kibandiko kilikuwa palepale. Winifrida aliirudisha karatasi, mahali pa sahihi pakiwa peupe, akafunga vifungo vya koti la kuazima, akatoka.