Chumvi ya Ng'ombe

Ungemwuliza mtu yeyote sokoni Kitale ni nani anayejua chumvi, angekuonyesha duka la Gathogo. Miaka mingi mzee huyo aliuza dawa za mifugo, na hakuna mfuko wa chumvi ya ng'ombe uliotoka mlangoni mwake bila onyo: "Hii usipee kondoo. Iko na shaba, itaua." Alisema hivyo hata kwa watu wasiofuga kondoo, mpaka vijana wakamtania kwamba atalirudia siku ya mazishi yake.

Nyumbani, nyuma ya duka, alikuwa na bahari. Bahari yenyewe ilikuwa sanduku la kioo lenye ukubwa wa meza ya chai: maji ya chumvi, mawe ya matumbawe, samaki mmoja wa rangi ya chungwa, anemoni aliyefunguka kama ua lenye vidole laini, na skalopu, yule kombe mwenye magamba mawili na macho madogo ya buluu yaliyojipanga ukingoni.

Vyote vilikuwa vya mkewe, Wacera. Kiharusi kilimnyang'anya upande wa kulia na maneno yote, akabaki kutazama ukuta. Siku moja, wakitoka kliniki, walipita Bungoma kwa Bramwel, mteja wa zamani aliyefanya kazi Mombasa na kurudi na mapenzi hayo ya ajabu ya kufuga vya baharini. Wakiwa wamekaa mbele ya sanduku lake la kioo, skalopu akafunga magamba yake kwa nguvu, akaruka ndani ya maji kama mtu anayepiga makofi. Wacera akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, lakini Gathogo alitoka nje akalia waziwazi. Wiki iliyofuata alimpelekea Bramwel mtamba wake bora, akarudi na sanduku na vyote vilivyokuwamo.

Tangu hapo, kila skalopu alipopiga makofi, Wacera aliinua mkono wa kushoto, naye Gathogo akamkingia kiganja chake, wakapiga pamoja. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Bramwel alikuwa amemwonya: kila wiki punguza maji machafu, utie mapya yenye chumvi maalum ya kufugia. Chumvi hiyo ilikuwa ikitumwa na mwanamke mmoja wa Mombasa, Nyambu, na mwaka wa 2006 mvua za masika zilipoanza, Nyambu alisafiri kwao kumzika baba yake. Mazishi hayaharakishwi. Chumvi ikaisha, maji yakaanza kuwa na ukungu, na simu ya Nyambu haikupatikana.

Gathogo akatazama rafu zake. Chumvi tele! Ng'ombe wa Trans-Nzoia nzima waliinawiria. Akachota ile ya unga, akaikoroga kwenye maji ya mvua, akaichuja kwa kitambaa cha maziwa, akatia. Alijiona fundi kwelikweli. Mganga hajigangi, wahenga walisema, nao hawakuwa wakicheza.

Asubuhi anemoni alikuwa amenywea, mdomo wazi, vidole vimelegea. Samaki aliogelea bila wasiwasi. Gathogo akampigia Bramwel.

"Baba Gachanja, uliweka nini kwa maji?"

"Chumvi tu. Ya ng'ombe."

"Ai, mzee! Si hiyo iko na shaba? Samaki inaweza vumilia, lakini hao wengine, bana..."

Gathogo hakusikia yaliyobaki. Alisikia sauti yake mwenyewe, ya miaka yote ile dukani.

Bramwel alifika kutoka Bungoma na madumu mawili ya maji aliyochota kwenye tangi lake jipya. Wakabadilisha walichoweza. Halafu Bramwel akaugusa ukuta wa kioo, akatikisa kichwa.

"Hata mawe imeshakunywa hiyo shaba, mzee. Itakuwa ikitoa pole pole. Pole sana."

"Hakuna dawa?" aliuliza Gathogo, mtu mwenye duka zima la dawa.

"Hakuna."

Bramwel alipoondoka, Gathogo aliketi kando ya mkewe. Anemoni alikuwa ameanza kumomonyoka. Skalopu alikuwa amelala juu ya jiwe, magamba yamefunguka wazi kuliko siku zote. Gathogo alijua kombe akifunguka hivyo hafungi tena.

Wacera hakujua. Aliona magamba yamefunguka, macho yake yakang'aa, akainua mkono wa kushoto na kuuweka tayari hewani.

Gathogo akamkingia kiganja.

"Bado, Mama Gachanja," alimwambia. "Ngoja kidogo."

Naye akangoja.