Mjusi wa Kusingiziwa

Mjusi nilimchagua kwa chakula chake, kama watu wanavyochagua ng'ombe kwa maziwa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nimekula senene wa mume wangu kwa siri, na nilitaka mnyama ambaye watu wangeamini kuwa amewala yeye.

Kwetu Bweranyange miaka ile, mwanamke aliamka alfajiri kukamata senene, wale panzi wa msimu, kwenye nyasi zenye umande. Akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akamwekea mumewe. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuonja hata mmoja. Walisema mtoto wake angezaliwa na kichwa kilichochongoka kama cha senene. Wanaume hawabebi mimba, basi wao walikula hadi wakavimbiwa. Nalisema hili kwa hasira, na hasira yenyewe bado ninayo.

Mwaka uliotangulia, Dafroza, mke wa kaka wa mume wangu, alirudishwa kwao Isingiro kwa kosa hilohilo. Chungu cha senene kilikutwa kimepungua. Aliapa kwa jina la Mungu mbele ya mkwe wetu, mama Eustadia, kwamba hakula. Nani angemsadiki? Alipita mbele ya nyumba yangu na mkeka wake kichwani, nami sikutoka kumuaga.

Kisha mimba ikaniletea hamu. Nilianza na senene wawili, nikafikia kiganja kizima kila jioni. Chungu ambacho mume wangu Rwegoshora alikuwa amekiweka kwa ajili ya wageni wa Krismasi kilishuka upesi kuliko nilivyokuwa nikila. Nilidhani uchu umenipotezea hesabu.

Hapo nikatafuta mjusi. Kinyonga hula senene vizuri sana, lakini mkwe wangu asingekanyaga tena jiko lenye kinyonga. Kenge hula mayai na vifaranga, na mayai nayo tulikatazwa sisi wanawake, ningejiongezea kesi. Mjusi wa ukutani mdomo wake unatosha mbu tu, nani angeamini kamaliza nusu chungu? Nikabaki na wale wakubwa wenye kichwa cha buluu, wanaoota jua juu ya mawe. Nilimnasa mmoja kwa kitanzi cha nyasi, nikamfunga mguu kwa kamba ya mgomba kwenye nguzo ya jiko, karibu na chungu. Nikamwekea panzi hai. Akamrukia, akamtafuna, akapangusa mdomo kwenye nguzo. Siku hiyo nililala usingizi.

"Huyu wa nini?" Rwegoshora aliniuliza.

"Anakamata nzi, bwana."

Alicheka akaenda zake shambani.

Siku mbili kabla ya Krismasi alifunua chungu.

"Kokuberwa, senene wako wapi?"

"Ni mjusi, bwana. Kamba yake inafika hapo."

Alitazama tumbo langu, kisha uso wangu. Akachukua senene watatu waliokaangwa, akawaweka mbele ya mjusi, akachuchumaa. Mama Eustadia alikuwa mlangoni akimenya ndizi, na kisu chake kikasimama.

Mjusi hakusogea. Nzi akatua juu ya senene. Mjusi akamdaka yule nzi, akawaacha senene palepale.

Ndipo nikaelewa kwamba anakula kinachotembea tu. Nilikuwa nimechunguza mlo wake wote nikasahau kikaango. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuzidi ile kamba ya mgomba.

"Kunja mkeka wako," Rwegoshora alisema polepole.

"Ni mimi niliyewala," akasema mama Eustadia.

"Mama, usimkingie kifua."

"Simkingii. Nimekula mimi. Haya, nirudishe kwetu. Utanirudisha kwa nani? Baba yangu amekufa, na kaka zangu wamekufa."

Rwegoshora alifunika chungu. Kisha akatoka, na habari ya mkeka haikutajwa tena.

Nilipiga magoti mbele ya mkwe wangu. "Asante, mama. Umeniokoa."

"Usinishukuru. Ulidhani ni viganja vyako tu vilivyoshusha chungu kile? Nakula senene tangu mimba ya huyo Rwegoshora. Kichwa chake si unakiona?"

Nilianza kucheka, nikaacha. "Basi Dafroza..."

"Dafroza hakula hata mmoja."

Akaendelea kumenya ndizi. Nilimshukuru na kumchukia kwa wakati mmoja.

"Waambie, mama. Arudi."

"Mke mwingine keshaletwa, na ana mimba kama wewe. Nimwambie nani sasa?" Akanisogezea chungu kwa mguu. "Kula, mwanangu. Hakuna atakayekuuliza."

Nilichukua mmoja, nikamshika mpaka mafuta yakanilowesha vidole. Kisha nikamrudisha chunguni, nikaenda kumfungua mjusi.