Chozi na Kuvumwani

Mume wangu ni mtu wa ndege, mimi ni mtu wa kuvumwani, kile kijani laini kinachoota kwenye mawe yenye unyevu. Ndizo kazi zetu za utafiti, kwenye jengo moja, na ndio ugomvi wetu wa kila siku mezani. Yeye husema chozi wake, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ana rangi, ana sauti, ana haraka zake. Mimi namjibu kwamba kuvumwani haina mizizi wala ua, na ikikauka utadhani imekufa. Inyunyizie maji tu, inakucheka. Ndege akikaushwa hivyo, kwisha habari yake.

Mwezi uliopita alipanda ngazi kuchungulia kiota, akaanguka, akavunjika mguu. Sasa amelala kando ya dirisha la nyuma, mpole kama mtoto aliyekatazwa kucheza, na kinachomwondolea upweke ni chozi anayejenga kiota nje ya kioo.

Mimi nilikuwa na langu. Huko huko nyuma, kwenye matofali chini ya bomba, nililea kuvumwani niliyoshindwa kuitambua. Ilianza kutoa vifuko vya uzazi, na bila vifuko vilivyokomaa hakuna mtaalamu ambaye angeweza kuniambia jina lake. Lakini kila nikirudi kutoka kazini naikuta imenyofolewa. Nikawalaani kuku wa jirani, nikaifunika kwa chandarua.

Kesho yake jioni nikamkuta mgonjwa wangu hajagusa chakula.

"Chozi hajengi tena," akasema. "Umefunika majani yako."

Nikakitazama kiota vizuri kwa mara ya kwanza. Nusu yake ilikuwa kijani changu.

"Kumbe ulikuwa unaona?"

"Kila siku. Nilijua umemwachia kwa ajili yangu. Sikukushukuru kwa sababu ungejidai mpaka nipone."

Maneno yalinijaa mdomoni, mengine si ya kuandikwa. Kisha nikaona anavyonitazama, na nikampenda mpaka nikakasirika.

"Nilifunika kwa sababu ya jua tu, mume wangu. Kula."

Nikatoka, nikaondoa chandarua. Asubuhi chozi akashuka, akaruka-ruka juu ya matofali akichagua, kisha akanyofoa kipande chenye vifuko. Ndani nikamsikia mume wangu akicheka. Nami nikabaki nimeshika ndoo, nikimwangalia ndege akiondoka na jina la kuvumwani yangu mdomoni.