Mwenye Katuni Zote

Sylvester Bundala alirudi Tabora kutoka Dar na suti ya kubana, mkoba, na karatasi yenye mhuri mkubwa kuliko akili yake. Karatasi ilisema katuni zote fupi za kale, zile nyeusi na nyeupe zisizo na sauti, ni mali yake, kazinunua. Kwa hiyo Fakhria afunge banda lake la video pale Ng'ambo, la sivyo vyombo vitakamatwa.

Fakhria alimtazama kama mtu anavyotazama nzi kwenye chai. Banda hilo alilirithi kwa baba yake, marehemu Omari, bingwa wa kutafsiri filamu. Picha ikianza, Omari alishika maikrofoni akawapa vyura na farasi wa Ulaya maneno ya Kiswahili, na Kinyamwezi kidogo cha kunogesha. Rekodi zake zilisambaa mpaka Nzega na Tura. Sasa kazi hiyo aliifanya binti, na hakuwa na nyingine.

Wakaenda kwa mtendaji wa kata, Mama Suzana.

"Shikamoo mama," Fakhria alianza. "Katuni hizi zinakaribia miaka mia. Sheria yetu inaipa filamu miaka hamsini tangu itolewe, basi. Baada ya hapo ni ya kila mtu, hata ya huyu."

"Dada, sheria niachie mimi," Sylvester alisema huku akirekebisha tai. "Hata sauti ya kutafsiri ni yangu. Niliirekodi studio, Dar. Mama mtendaji, sikiliza kazi ya kitaalamu."

Akachomeka flashi kwenye kompyuta ya ofisi. Chura akaanza kupiga ngoma, na sauti ikatoka. Fakhria akashika ukingo wa meza. Ilikuwa sauti ya Omari. Mwizi alikuwa amekata mwanzo, pale watafsiri wote hujitaja jina, akakata na mwisho. Katikati hakujisumbua kusikiliza. Mvivu hata kwenye wizi ni mvivu tu.

Maana Omari hakuwa na studio. Alirekodia uani kwake, na chura alipopanda mgongoni kwa farasi, sauti ikaiacha katuni ikapaza: "Fakhria! Fakhria mama, uji unafurika, epua!"

Kwa mbali mtoto wa kike akajibu, "Abee baba, nakuja!"

Mama Suzana akasimamisha picha. "Studio yenu ya Dar," aliuliza taratibu, "inapika uji?"

Sylvester akafungua mkoba, akapekua karatasi, akaufunga. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeishia jikoni kwa watu.

"Katuni chukua, kaka," Fakhria alimwambia. "Hazina mwenyewe, kaonyeshe mpaka uchoke. Lakini sauti hiyo ina mwenyewe, na umemsikia akiniita."

Alitamani kumcheka, akashindwa. CD za nyumbani zenye sauti hiyo zilikuwa zimekwaruzika zote. Miaka sita hakuwa amemsikia baba yake.

"Mama," alimwambia mtendaji, "nirudishie pale pa uji."