Mechi ya Nyumbani, Kyuso

Lori lilikuwa limeshaiacha Tawa na linateremka kuelekea mto Athi, na mimi niko juu nimekalia gunia la chokaa lisilo langu. Mbele yangu zimelazwa nguzo mbili za mpira wa kikapu, na mbao zake na pete zake, zimefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa kuchinjwa. Nguzo hizo nilizichomelea mwenyewe. Chini yake kulikuwa na magunia ya chumvi ya mifugo ya Duale, mwenye lori, tuliyoyapakia Mtito Andei baada ya kushusha mbuzi wake. Dereva alikuwa anaimba nyimbo za kanisani. Tulipovuka daraja na kuingia upande wa Kitui, barabara ikaanza kupita kando ya korongo. Nikasimama, nikalisukuma lile gunia la chokaa kwa mguu. Liliviringika, likapasuka juu ya mawe, vumbi jeupe likapanda kama moshi. Dereva hakusikia. Mimi nikaketi juu ya nguzo.

Hiyo ilikuwa Oktoba 1987, kiangazi kikali. Sasa nieleze chokaa ilikuwa ya nini.

Mimi naitwa Kiema. Shule nimeisoma vipande vipande: darasa la nne Kibwezi, jioni chache Mombasa, mengine nimeyaokota barabarani. Nimefanya kazi miji mingi na sikukaa mahali zaidi ya miaka miwili, isipokuwa pale chuoni. Hicho kilikuwa chuo cha ualimu, karibu na Tawa, na mimi nilikuwa fundi wake kwa miaka sita. Mwaka ule wa njaa, 1984, tukila mahindi ya manjano ya msaada, nilianza kutengeneza uwanja wa mpira wa kikapu. Hakuna aliyeniagiza. Wasichana wa chuo walikuwa wanacheza kwenye mchanga, mpira unadunda mara moja na kulala. Basi kila jioni walikuja na karai, tukabeba udongo wa kichuguu, tukaushindilia kwa magogo, tukaumwagia maji ya kuoshea vyombo, maana mengine hayakuwepo. Miezi kumi na minne. Ulipomalizika ulikuwa mgumu kama saruji. Nikanunua kitabu cha sheria za mchezo Machakos, nikakisoma chote, nikawafundisha.

Kulikuwa na msichana anaitwa Ndila, mrefu, mkimya, anayetumia mkono wa kushoto. Huyo ukimpa mpira ni kama umempa mtu kitu chake kilichokuwa kimepotea. Yeye ndiye alikuja kuwa kapteni.

Halafu akaletwa mkuu mpya wa chuo, Nzomo. Suti, kitambaa cha jasho, Kiingereza kingi. Alizaliwa Kyuso, kaskazini kabisa ya Kitui, ila akiwa na miaka mitano mjomba alimchukua Nairobi na huko ndiko alikokulia. Sasa alitaka ubunge wa kule kwao, na kule kwao walikuwa hawamjui hata kwa sura. Akafikiri sana, akaja na dawa: mechi zetu za nyumbani zichezewe Kyuso. Watu waone basi, waone jezi, waone msichana anaruka juu, wajue ni Nzomo amewaletea.

Kutoka chuoni mpaka Kyuso ni saa saba kwa basi. Wageni wetu mara nyingi walitoka Kitui mjini au Mwingi, kwa hiyo wao wangelala kwao, wangekunywa chai kwao, na sisi wenye nyumba ndio tungefika tukiwa tumevimba miguu. Wasichana wakagoma. Ndila alimwambia mkuu kwa heshima kwamba wao wana uwanja. Wiki iliyofuata trekta ya chuo ilipita juu ya uwanja ule na jembe la diski, mara tatu, kwenda na kurudi. Nzomo akasema unakarabatiwa.

Nilienda ofisini kwake. Nilisema maneno ambayo fundi hamwambii mkuu. Kesho yake, kwenye mkutano wa asubuhi, alinisimamisha mbele ya wanafunzi mia tatu, akasema pete mbili zimepotea stoo na mwizi ni mimi. Akaniambia nigeuze mifuko. Pete ya mpira wa kikapu ni kubwa kama sufuria ya harusi, inaingiaje mfukoni? Lakini aliniambia nigeuze, na mimi nikageuza. Ikaanguka filimbi, na ugoro, na picha ya marehemu mama yangu. Baadhi ya wanafunzi walicheka. Siwalaumu, ugoro ulikuwa umemwagika kwenye kiatu changu.

Nikafukuzwa siku hiyo hiyo. Nikazunguka, nikafika Kyuso, Duale akanipa kazi ya kupakia na kupakua. Duale alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na yadi yake ndiyo iliyokuwa pana na ngumu kuliko ardhi yote ya Kyuso, imekanyagwa na kwato miaka kumi. Ndiyo hiyo Nzomo aliomba iwe uwanja wake wa nyumbani. Na lori la Duale ndilo aliloomba libebe nguzo na chokaa ya kuchora mistari. Sikumtafuta mimi. Alikuja mwenyewe mpaka nilipolala.

Mechi yenyewe, dhidi ya wasichana wa Mwingi, haikuwa ndogo. Mshindi angeenda fainali za vyuo Nairobi, na Ndila alikuwa mwaka wa mwisho. Wachaguzi wa timu ya taifa walikuwa wanakaa kwenye fainali hizo na daftari. Hilo nililijua nikiwa juu ya lori. Nililijua na bado nikasukuma gunia.

Basi la chuo lilifika Kyuso saa sita. Wasichana wakashuka, wakaniona, wakaja mbio wakiniita Fundi, Fundi. Ndila akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema leo watacheza kama tuko kwetu. Nikaangalia pembeni.

Nzomo alikuja baadaye na pikap yenye kipaza sauti. Alipoambiwa chokaa haipo alimporomoshea dereva matusi, dereva akaapa kwa Mungu iliwekwa. Ndipo Nzomo akaniona.

"Kumbe ulipotelea kwenye magunia, Kiema."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alikuwa bado hajachaguliwa na mtu, lakini neno lile lilimlainisha uso. Akaniuliza kama hapo kijijini kuna kitu cheupe cha kuchorea. Nikamwambia kuna unga mweupe kwenye lori, ni wa Duale, amwombe mwenyewe. Alienda akaomba gunia moja. Duale akampa bila kuuliza, tena kwa furaha, maana pale Kyuso mtu akikuomba gunia hilo ni la mbuzi wa mama yake. Nani angefikiri kitu kingine? Mtoto wa miaka sita wa Kyuso angeonja kwa ulimi na kukwambia ni nini. Nzomo alishika kwa vidole, akapangusa kwenye kitambaa, akasema ni safi.

Mistari nilichora mimi. Nilichora vizuri kuliko siku zote: duara la katikati, mistari ya kando, ya adhabu, yote minene kama mkono. Weupe ule juu ya udongo mwekundu ulipendeza mpaka watu wakaja kutazama mistari kabla ya mchezo. Wazee wawili walitazama, wakatazamana, wakaenda kukaa. Mgeni mkubwa akifanya jambo, labda ana sababu zake.

Jambo lingine nililijua peke yangu, na wachungaji wa Duale. Lori lilikuwa limechelewa. Mbuzi wa Duale walikuwa hawajaonja chumvi wiki tano. Na Bishar, mchungaji wake mkuu, alikuwa anawatoa kisimani kila siku saa kumi na kuwarudisha kwa mlango ule ule wa yadi. Hakuna aliyemwambia abadili. Kwa nini angebadili? Yadi ni ya mbuzi.

Kabla ya mechi Nzomo alihutubia. Alisema yeye si mgeni, ni damu ya hapa. Alisema amekulia nyuma ya mbuzi katika vumbi hili hili. Watu zaidi ya elfu moja walipiga makofi, maana ukipigiwa kipaza sauti unapiga makofi.

Mechi ilianza saa tisa. Refa alikuwa mwalimu Mutie, mtu mkavu, anayetembea na kitabu cha sheria mfukoni kama wengine wanavyotembea na Biblia. Ile safari ya saa saba ilionekana miguuni mwa wasichana wetu mwanzoni, wakaachwa nyuma. Halafu Ndila akaamka. Alichukua mpira kushoto, akapita wawili, akaweka. Tena. Akapora, akaweka. Watu wa Kyuso hawakuwa wanaujua mchezo, lakini walimjua yeye ndani ya dakika kumi, wakaanza kumwita Twiga. Kipindi cha pili tukaongoza, thelathini na nane kwa thelathini na moja. Nilijikuta nimesimama juu ya kreti napiga kelele. Nilikuwa nimesahau, naapa. Kwa dakika chache nilikuwa nimesahau kabisa nilichofanya.

Halafu upepo ukageuka, nikasikia kengele.

Mbuzi wa kwanza alisimama mlangoni, akainua pua. Aliingia taratibu, akainama kwenye mstari wa kona, akalamba. Akalamba tena. Watu walicheka kidogo. Halafu wakaingia mia tatu, na hao hawakuja taratibu. Walijaa uwanja wote, wamepiga magoti, wanafuata mistari kama watu wanaofuata reli. Duara la katikati lilizungukwa na mbuzi kama hamsini, vichwa ndani, mikia nje. Wasichana walibaki wamesimama katikati na mpira mkononi. Bishar alipiga mluzi, akarusha fimbo, akakata tamaa, akacheka.

Mutie alisimamisha saa. Alifungua kitabu chake na kusoma kwa sauti ya pole: uwanja ni jukumu la timu ya nyumbani, na mistari isiporudishwa kwa nusu saa, wageni wanapewa ushindi. Nilijua atasoma hapo. Nilikuwa nimemfundisha Ndila ukurasa huo huo.

Nzomo aliruka uwanjani na suti yake. Alipiga mbuzi mateke, akaanguka, akainuka na samadi kwenye goti. Akaagiza uletwe unga mwingine, mistari ichorwe upya. Duale akamwambia polepole kwamba ile ni chumvi. Hakumsikia, au alisikia na hakuelewa. Alichukua gunia akaanza kuchora mwenyewe, na mbuzi wakamfuata nyuma wakilamba, mstari unazaliwa na kufa hapo hapo. Sijaona watu wakicheka vile. Wanawake walikaa chini. Mpaka madiwani waliokuja naye waligeuza nyuso.

Mama mmoja mzee, Syokau, mwenye mbuzi wake tisa tu, alitoka kwenye umati akaenda mpaka alipo. Watu wakasogea wasikie.

"Mwanangu," alisema, "hao mbuzi uliokulia nyuma yao, walikuwa wanalamba nini?"

Nzomo alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, si Kikamba, si Kiswahili, si Kiingereza. Nilimtazama uso wake kutoka juu ya kreti, na niseme ukweli, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mpaka masikioni. Nilitamani wale wanafunzi mia tatu wote wangekuwepo.

Nusu saa ikaisha. Mutie akawapa wageni mechi, akatia sahihi. Wasichana wa Mwingi walishangilia kwa aibu kidogo, wakapanda gari lao, wakawa kwao kabla ya giza.

Ndila alinikuta nafungua nguzo. Alikuwa bado na jasho. Aliokota donge la ile chumvi chini, akaliweka kwenye ulimi, akatema.

"Uliijua," alisema.

Niliendelea kufungua nati.

"Umemlipa yeye, Fundi. Sisi tulikukosea nini?"

Nilimwambia kwamba wao hawakunikosea, kwamba nilitaka yule tu, kwamba hakukuwa na njia nyingine ya kumpata peke yake. Alisubiri nimalize. Alisema kulikuwa na dakika sita zimebaki. Akaenda kupanda basi, na wengine hawakuja kuniaga.

Nimefikiri jambo hilo sana barabarani. Ningeweza kungoja mechi nyingine isiyo na maana. Lakini mechi isiyo na maana ingekuwa na watu elfu moja? Nzomo angeleta kipaza sauti? Ukiniuliza kama ningefanya tena, nitasema ndiyo, na nitasema haraka ili nisipate nafasi ya kufikiri.

Mapema 1988 ulikuja ule uchaguzi wa mlolongo, watu wanapanga foleni nyuma ya mtu wao, mchana, kila mmoja anaona. Nyuma ya Nzomo walipanga watu arobaini na mmoja. Mtu mmoja kwenye foleni nyingine alilia kama mbuzi, na foleni zote zikaitikia.

Nzomo alikuwa ameshaacha kazi ya chuo ili agombee, na hakurudishwa. Alifungua duka la vitabu Mwingi, likafungwa, akarudi Nairobi, akafa 1996 kwa kisukari. Mutie alistaafu na anafuga nyuki. Duale alihamia Garissa na Bishar akaenda naye. Syokau alikufa mwaka wa mvua kubwa. Dereva aliokoka zaidi, sasa anahubiri. Chuo kilipata mkuu mwingine, mahali pa uwanja pakapandwa pojo, na timu ya mpira wa kikapu ikavunjwa. Ndila alifundisha darasa la kwanza upande wa Makueni, akaolewa, akapata watoto wanne; hakucheza tena na hakuenda Nairobi. Mimi niko Mtito Andei, nalinda malori.