Majivu Meupe ya Bi Moshi

Binti mmoja wa maabara akapiga magoti kwenye majivu, na koti lake jeupe mwilini, na Bi Moshi akabaki na koleo mkononi kama kapigwa picha. Miaka kumi na tisa anachoma pumba za mpunga nyuma ya mashine ya kukoboa, na kila anayefika pale shimoni huziba pua. Huyu anayachota kwa kijiko, anayatia kwenye vichupa kama dawa.

"Shikamoo mama. Umeyachoma wewe haya?"

"Marahaba. Ni mimi," alijibu, akimwibia jicho Msimamizi wake aliyesimama pembeni.

"Wiki jana gari letu lilikwama kwenye tope hapo nje, tukawekewa majivu haya chini ya tairi. Nikabeba kidogo, tukapima. Mama, ni madini haya. Silika, karibu tupu. Hutumika kutengeneza kioo, inatiwa hadi kwenye tairi lenyewe. Sisi tuna tanuru la umeme na bado yetu yanatoka meusi."

Bi Moshi alijikuta amekaa juu ya gunia, hajui amekaa saa ngapi. Miaka kumi na tisa ya kumwaga, mvua ikizoa.

"Kabla ya kuchoma, pumba unazifanyaje?"

Bi Moshi akamwibia tena jicho Msimamizi. Pumba kavu huruka na upepo mpaka kwenye nguo za majirani, kwa hiyo yeye huzilowesha kwa maji ya siki yanayomwagwa na kiwanda cha jirani, kisha huzianika zikauke nusu tu. Na Msimamizi alishapiga marufuku kulowesha na kuanika, zinajaza uwanja: atakayekutwa, afungashe virago siku hiyohiyo.

"Azifanyeje tena?" Msimamizi akadakia. "Anawasha kiberiti, basi. Huyu ukimuuliza sana atakuongelea pumba tu." Akacheka peke yake.

Binti akafunga begi polepole. "Basi ni bahati. Tutajaribu kwingine."

Alishafika kwenye kona ya ukuta.

"Mwanangu, ngoja. Huwa nazilowesha. Siku mbili, kwenye siki."

"Nilikwambiaje mimi?" Msimamizi alisema, sauti chini.

"Uliniambia nisiloweshe, baba. Nikalowesha."

Binti alikuwa amesharudi, anakaribia kujikwaa. "Siki? Mama, siki ndiyo inayoondoa chumvi zinazoshika ule weusi. Sisi asidi tunaagiza kwa meli. Nani alikufundisha?"

"Majirani. Kwa matusi."

Akawapeleka nyuma ya choo, akavuta turubai. Pipa likawatemea harufu kali machoni. Msimamizi alifungua mdomo, akausahau wazi. Binti akakunja mkono wa koti, akazamisha mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya pumba zinazochuruzika, na wote watatu wakainama kuitazama, maji yakidondoka juu ya viatu vya Msimamizi.